Mtu akizimia: namna ya kujua kama ni moyo, na namna ya kulieleza hospitalini

Kazi yangu ni kupima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, hapa Tanzania. Chumba kina kitanda kimoja, mashine moja, pazia la kijani na foleni isiyoisha. Kila wiki huletwa watu ambao cheti chao kimeandikwa neno moja tu, "kuzimia" au "anaanguka", na ndugu aliyewasindikiza amebaki nje. Huwa namwita huyo ndugu aingie kabla sijafungua hata chupa ya jeli. Mashine yangu huandika sekunde 10 za moyo, basi. Mtu aliyeanguka Jumapili kanisani akija Jumatano, nitapata sekunde 10 za Jumatano, na mara nyingi zitakuwa safi. Aliyeanguka mwenyewe hana la kusimulia, maana fahamu hazikuwepo. Mwenye habari ni aliyekuwa karibu yake.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya huyo shahidi: mama, kaka, mwalimu wa zamu, kondakta, mpangaji mwenzake. Wengi wanaozimia hawana ugonjwa wa moyo. Wachache wanao, na baadhi ya hao wachache wakianguka tena hawainuki.

Kifuani kunatokea nini

Ubongo hauna akiba ya damu. Damu ikikatika kwa sekunde 6 hadi 8, fahamu zinapotea na mwili unaanguka. Swali ni nini kiliikata.

Kuna kuzimia tulikokuzoea: mwanafunzi aliyesimama mstarini juani bila kunywa chai, kijana aliyeona sindano, mfiwa aliyeshinda na njaa. Mishipa ya damu inalegea ghafla, mapigo yanapungua kwa muda, presha inashuka. Kuzimia huku hutoa taarifa kwanza: kichefuchefu, jasho jembamba, macho kuingia giza, sauti za watu kusikika kwa mbali. Akishalala chini, damu inarudi kichwani na anaamka. Kuna pia presha inayoshuka mtu anapoinuka, ambayo huwapata wazee, wenye kisukari cha miaka mingi, waliotoka kuharisha, na wale ambao dawa zao za presha zimezidi mahitaji yao. Hawa wanaweza kuvunjika nyonga kwa kuanguka, lakini kwa kawaida moyo wenyewe hauna kosa.

Sasa moyo. Una umeme wake wenyewe. Umeme huo huanzia juu upande wa kulia, hupita kwenye kituo kidogo katikati, kisha hushuka kwenye chemba kubwa za chini ambazo ndizo zinazosukuma damu mwilini. Hitilafu ya hatari huja kwa njia mbili. Ya kwanza, umeme unakwama pale katikati. Chemba za chini zinajipigia zenyewe mara 30 au 40 kwa dakika, na wakati mwingine zinasita kabisa kwa sekunde kadhaa. Ya pili, chemba za chini zinashikwa na mbio zao zenyewe, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hata kufikia kutetemeka tu bila kusukuma chochote. Jaribu kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono huku ukisukuma upesi upesi bila kuvuta mpini hadi juu: mkono utachoka na tairi litabaki laini. Moyo unaokimbia namna hiyo haupati muda wa kujaa, kwa hiyo hauna cha kusukuma.

Mbio hizo zikikoma zenyewe, mtu anazinduka na kuulizia kiatu chake. Zisipokoma, ndicho kile kifo ambacho watu husema "alikuwa mzima kabisa, alianguka tu".

Akiwa bado yuko chini

Angalia saa kwanza. Najua inasikika kama ukatili, lakini sekunde tatu za kutazama saa hazimdhuru mtu, na baadaye hakuna atakayekumbuka kama alikuwa chini kwa nusu dakika au dakika tano. Mashahidi wote huniambia "muda mrefu sana".

Mlaze chali, mahali tambarare. Legeza ukosi, tai, mkanda, ushungi uliokaza shingo. Mwite, mtikise bega. Kama anapumua vizuri, inua miguu yake juu ya kiti au begi, na watu wasogee nyuma. Mjamzito mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usimketishe upesi ili "apate hewa". Ukimketisha unairudisha damu miguuni. Usimnyweshe maji. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimwekee kiatu puani. Nimeona meno yaliyong'olewa na kijiko cha jirani mwema.

Kama haitiki na hapumui, au anavuta pumzi moja ya kukoroma, kimya, kisha nyingine baada ya muda, huko si kupumua. Moyo umesimama. Mtu mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine apige magoti na kuanza kukandamiza kifua: kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kiinuke kila mara. Baada ya kila dakika mbili badilishaneni, maana unachoka kabla hujajijua. Msiache mpaka azinduke au wataalamu wapokee.

Wapenda soka wanajua kwamba hili linawezekana. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton, na moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78. Mikono ya watu na mashine ya kushtua moyo vilimwokoa. Yuko hai. Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka Copenhagen mwezi Juni 2021, akahudumiwa palepale, akawekewa kifaa kifuani na kurudi kucheza mpira. Viwanja vyetu vingi havina hiyo mashine ya kushtua, ni kweli, lakini mikono tunayo.

Kuna jambo jingine ambalo zamani halikuwezekana: simu. Mkiwa zaidi ya wawili, mmoja arekodi video ya uso, mikono na upumuaji. Video ya nusu dakika imewahi kuniokolea saa nzima ya maswali. Ila ni ya kumwonyesha daktari. Ukiiweka kwenye status, familia haitakusamehe, na mimi nitakuwa upande wao.

Maswali ninayomuuliza shahidi

Mazungumzo huwa hivi. Nasema, "Shikamoo mama. Kijana alikuwa anafanya nini?" Ananijibu, "Marahaba mwanangu. Alianguka tu."

"Kabla hajaanguka, mama."

"Hakuwa anafanya kitu. Tulikuwa tumekaa uani, anamenya viazi."

Alikuwa amekaa. Hapo ndipo ninapoacha kuandika kwa mazoea. Mtu aliyekaa kivulini, ameshiba, hajaona damu wala kusikia habari mbaya, hana sababu ya kuzimia kwa kawaida. Aliyezimia akiwa amelala, hana sababu hata kidogo.

Basi ukitoka pale mlipokuwa, chukua daftari au andika kwenye simu siku ileile, kabla wajomba hawajaja na maelezo yao. Alikuwa mkao gani? Alikuwa akikimbia, akipanda ngazi, akibeba ndoo, au ndiyo kwanza amemaliza kukimbia? Zingatia: wapo wanaozimia baada ya mbio, wakisimama ghafla, na hao wengi ni kushuka kwa presha. Lakini anayeanguka katikati ya mbio, mguu bado hewani, huyo apelekwe hospitali haraka sana. Alisema chochote kabla? "Moyo unanienda mbio", "kifua kinabana", au hakusema lolote na sahani ikamdondoka mkononi? Alijikinga kwa mikono? Mtu aliyepata taarifa huegemea ukuta au huinama. Aliyezimwa ghafla hupiga uso chini, na hospitalini namwona na jino lililokatika au kidevu chenye nyuzi.

Rangi nayo. Kwa sisi weusi usitafute weupe wa shavu, tazama midomo, ulimi na viganja. Wengi wenye hitilafu ya moyo hupauka, midomo ikawa kama imepakwa majivu, na damu ikirudi uso huiva ghafla. Tena ukijua kushika mapigo, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, au pembeni ya koo, hesabu kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Ukikuta 34, au ukikuta yanapita kasi hadi huwezi kuhesabu, andika hivyohivyo. "Sikuweza kuhesabu" ni jibu zuri kabisa.

Mwisho, alivyozinduka. Aliyezimia kwa sababu ya moyo kwa kawaida anarudi mzima mzima: anajua yuko wapi, anakutambua, anauliza kwa nini watu wamejazana.

Mambo yanayonifanya nikodoe macho

Yapo mambo ambayo nikiyasikia simwachi mtu arudi nyumbani hata kama karatasi yangu imetoka safi. Nimeshayagusa mawili: kuanguka katikati ya jitihada, na kuanguka ukiwa umekaa au umelala. Ongeza kuanguka bila onyo lolote na kuumia. Ongeza moyo kwenda mbio au kifua kubana sekunde chache kabla. Ongeza mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo: aliyewahi kuambiwa ana moyo uliotanuka, valvu (milango ya damu ndani ya moyo) zilizoharibika kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, aliyepata shambulio la moyo. Mama aliyejifungua ndani ya miezi mitano iliyopita, miguu imevimba, usiku hawezi kulala bila mito mitatu, na sasa amezimia: msimwambie ni uchovu wa uzazi. Moyo unaweza kutanuka mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua, na moyo uliotanuka ni makazi mazuri ya mbio mbaya.

Halafu historia ya ukoo. Swali "kuna mwenye ugonjwa wa moyo nyumbani?" halifai, kila mtu atasema hakuna. Uliza hivi: nani katika ukoo alikufa ghafla kabla ya miaka 40? Nani alilala akakutwa amekufa? Nani alizama ilhali alijua kuogelea? Nani aliacha njia na pikipiki mchana kweupe bila kugongwa? Kuna mtoto mchanga aliyekutwa amekufa kitandani? Watu hunyamaza, halafu shangazi mmoja anasema, "Yule wa Pangani..." na hapo ndipo habari inapoanza.

Mwaka 2003, mchezaji wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka na kufa uwanjani Lyon, katika nusu fainali dhidi ya Kolombia. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa na ambao unaweza kukaa kimya kifuani mwa mtu mwenye mapafu ya farasi na miguu ya chuma. Afya ya nje haimwondoi mtu kwenye orodha.

Pale panaposemwa ni kifafa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ubongo uliokosa damu unaweza kuutikisa mwili. Mikono inarukaruka, macho yamepanda juu, pengine mkojo unatoka. Jirani akiona hayo amekwisha kuhukumu: kifafa. Au mashetani, kutegemea nyumba. Sina ugomvi na mganga wa mtu, nasema tu ECG ipimwe kwanza.

Tofauti zipo, na shahidi makini anaweza kuzikamata. Katika kuzimia kwa moyo, mtu analegea na kuanguka kwanza, mtikisiko unafuata, tena ni mfupi, wa sekunde chache, usio na mpangilio. Katika degedege la kifafa, mwili hukakamaa na kutikisika kwa mpigo mmoja unaojirudia, mara nyingi kwa zaidi ya dakika moja, uso huwa wa bluu kuliko kupauka, ulimi huumwa pembeni, na baadaye mtu huchanganyikiwa, hulala, haelewi kitu kwa muda mrefu. Mkojo usiutegemee, unaweza kutoka kwa wote wawili.

Alikuja kwangu binti wa darasa la sita, na mfuko wa fenobabito, dawa ya kifafa. Alikuwa akizitumia kwa muda mrefu na bado anaanguka. Nikamuuliza bibi yake anaanguka lini. "Asubuhi, wakati wa mchakamchaka." Nyumbani je? "Nyumbani haanguki, labda akifukuzana na wenzake." Na kaka yake mkubwa? Alikufa majini, mahali ambapo watoto wote wa kijiji huogelea. Sikuhitaji kusikia zaidi. Karatasi ilionyesha kipande tunachokiita QT, yaani muda ambao chemba za chini huchukua kupiga na kujiandaa kwa pigo linalofuata, kimefika milisekunde 520. Kawaida yake baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo ni chini ya 460 hivi kwa mwanamke, 450 kwa mwanamume. Ikipita 500 hatari ni kubwa. Ni hitilafu ya kuzaliwa nayo. Aina moja huamshwa na mbio na kuogelea, nyingine huamshwa na sauti ya ghafla: kengele, simu, king'ora cha saa alfajiri. Daktari alimwandikia propranololi, dawa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila mahali, na akamwondoa kwenye mchakamchaka kwa barua. Fenobabito ilipunguzwa polepole chini ya uangalizi, kwa sababu dawa za degedege hazikatwi kwa siku moja.

Ninachoomba kwa kila familia yenye mtu "wa kifafa" ambaye dawa hazimsaidii: je, amewahi kupimwa ECG hata mara moja? Kama hajawahi, ombeni.

Mfuko wa dawa

Njoo na pakiti zote. Usiniambie "za rangi ya njano". Dawa nyingi za kawaida zinaweza kurefusha hiyo QT na kuamsha mbio mbaya, hasa zikikutana mbili mbili: kwinini, haidroksiklorokwini, erithromaisini na azithromaisini, siprofloksasini na ndugu zake, flukonazoli ya fangasi, haloperidoli, amitriptilini, methadoni, domperidoni ya kutapika, na baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu. Mtu mwenye moyo mzima humeza moja yake na kwa kawaida hakuna kinachotokea, hivyo usianze kutupa dawa zako. Shida inakuja pale mtu anapoharisha na kutapika siku tatu, chumvi za damu, potasiamu na magnesiamu, zimeshuka, anakwenda duka la dawa anauziwa azithromaisini pamoja na domperidoni, na nyumbani alishaanza flukonazoli. Hapo vitu vitatu vimekutana. Dawa za kukojoza kama furosemidi nazo hupunguza potasiamu.

Upande wa pili, zipo zinazopunguza mapigo: atenololi, propranololi, verapamili, digoksini. Mzee mmoja alikuwa akipewa atenololi kliniki ya presha na nyingine ya jina tofauti kutoka kwa mwanawe wa mjini. Dawa ni ileile. Mapigo yalikuwa 38.

Mitishamba pia itaje. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza mtafute mwingine. Tena usijitibu potasiamu kwa kunywa madafu kutwa: mwenye figo mbovu anaweza kupandisha potasiamu hadi ikasimamisha moyo.

Siku ya kipimo

Usipake mafuta kifuani, mikononi wala miguuni asubuhi hiyo. Vishikizo vyangu huteleza. Akina mama wavae blauzi inayofunguka mbele na waje na kanga, na mtu asione haya kuomba mhudumu wa kike. Ninaweka vishikizo 10: vinne mikononi na miguuni, sita kifuani. Umeme hauingii mwilini, mashine inasikiliza tu. Lala bila kutikisika wala kuongea, na kama chumba kina baridi omba shuka, kwa sababu kutetemeka kunaharibu mistari.

Karatasi ikitoka, ipige picha hapohapo kwa simu. Karatasi ya ECG huchapwa kwa joto na hufifia. Ikikaa mkobani muda mrefu inaweza kubaki nyeupe. Na usiipeleke kulaminetiwa! Alirudi kwangu mzee na kipande cheusi tii, steshenari walikuwa wameipitisha kwenye joto kwa nia njema.

Juu ya karatasi kuna namba ambazo unaweza kuzinakili: kasi ya mapigo, PR (muda wa umeme kutoka chemba za juu hadi za chini), QRS (muda wa umeme kusambaa kwenye chemba za chini) na QTc (ile QT ikisharekebishwa kwa kasi ya mapigo), hizi tatu kwa milisekunde. Kwa aliyezimia, kasi iliyo chini ya 40 akiwa macho, QRS inayozidi 120 au QTc inayozidi 500 ni mambo ya kumwonyesha daktari siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Maneno ambayo mashine huyachapa yenyewe usiyaamini sana, wala usiyaogope sana. Mashine hukosea, daktari hupima kwa jicho na rula.

Pamoja na ECG, ombeni presha ya kulala na ya kusimama: alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, tumepata jibu au sehemu yake. Sukari, wingi wa damu na potasiamu vipimwe. Eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha kama moyo umetanuka, umenenepa au una valvu mbovu.

Na kama vyote viko sawa lakini maelezo yako yana yale mambo ya hatari? Kipimo safi hakifuti ulichokiona. Sema hivi, kwa adabu na bila kurudi nyuma: "Daktari, alianguka akiwa amekaa, bila dalili, na mdogo wa baba yake alikufa ghafla akiwa na miaka 28. Tunaomba apimwe moyo kwa saa 24." Kuna mashine ndogo inayofungwa kiunoni au kuning'inizwa shingoni ambayo huandika mapigo kwa saa 24 au 48, ukiivaa, andika muda wa kila kizunguzungu. Kwa wanaoanguka mara chache kwa mwaka kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua na kusikiliza kwa miaka. Kwa Tanzania, rufaa za umeme wa moyo huishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nenda na karatasi zako zote, pamoja na daftari.

Mpaka jibu lipatikane

Asiendeshe bodaboda, bajaji wala gari. Asikwee mnazi. Asiende baharini peke yake wala asiogelee. Asichote maji kisimani bila mwenzake. Bafuni asifunge komeo, na asipike kwenye moto ulio wazi akiwa mwenyewe. Nimeona majeraha ya jiko yaliyokuwa mabaya kuliko ugonjwa. Kwa mwenye familia inayokula kutokana na pikipiki haya ni maneno mazito, nalijua hilo, lakini nyuma yake kuna abiria.

Matibabu yanategemea kilichoonekana. Umeme uliokwama huhitaji betri ya moyo, kifaa kidogo kinachowekwa mwilini na kuupigisha moyo kwa umeme. Wazee huiogopa sana. Huwa nawasimulia habari za Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri mwilini, tarehe 8 Oktoba 1958. Ya kwanza ilikufa baada ya saa chache. Akabadilishiwa tena na tena, akaishi hadi 2001 na kufa akiwa na miaka 86. Za siku hizi hudumu takriban miaka 10, na upasuaji wake kwa kawaida hauhitaji kulazwa usingizi wa kina. Simu ishikwe sikio la upande wa pili, sentimita 15 mbali na kifaa, isiwekwe mfuko wa shati. Fundi wa kuchomelea vyuma aulize kabla ya kurudi kazini. Kadi ya kifaa itembee naye, hasa uwanja wa ndege.

Kwa mbio za hatari kuna dawa, kuna kuunguza ile njia ya umeme yenye kosa kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na kuna kifaa kinachokaa kifuani na kuushtua moyo chenyewe ukianza kutetemeka. Hicho cha mwisho ni ghali, na familia nyingi zinachanga. Aliyepewa propranololi asiikatishe kwa kuwa "sasa naona nimepona", na aibebe hata anapokwenda msibani mkoani.

Ikionekana hitilafu ni ya kurithi, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja waje wapimwe hata kama hawajawahi kuzimia. Kwa QT ndefu, kila mtoto na kila ndugu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Bibi wa yule binti wa darasa la sita aliniletea wajukuu watano kwa pamoja, wamepanga mstari kwenye benchi, na mdogo kuliko wote, anayekimbia kuliko wote, ndiye karatasi yake ilisoma 490.